Mafuta ya Miguu ya Bi Harusi

Kabla hujagusa mguu wa mtu, nusa kwanza viatu vyake. Haya, chekeni. Wajukuu zangu nao walicheka nilipowaambia, na sasa wanachanganya mafuta ya miguu jikoni kwangu na kuyauza kwa simu, na juzi mmoja wao amerudishiwa chupa na mteja aliyeungua kisigino. Hakunusa viatu. Angenusa angejua kwamba mwenye miguu ile anashinda ndani ya raba za plastiki, ngozi imelegea kwa jasho, na ngozi ya namna hiyo ukiipaka mafuta makali huichomi kidogo, unaichoma hasa. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi, wasichana wa mafuta ya simu. Naandika kwa Kiswahili nilichookota utotoni Unguja kabla hatujarudishwa kwetu Mutsamudu, maana kwenye karatasi ndicho kinachonitii, na nyinyi mnakijua kwa safari zenu za kufuata bidhaa Dar es Salaam. Nikirukaruka mnivumilie. Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, mdomo bado.

Kazi yangu ilikuwa miguu. Hina ina wenyewe, na nywele zina wenyewe. Mimi nilikuwa nafika nyumbani kwa bi harusi mapema, kabla ya watu wa hina, kwa sababu hina ikipakwa juu ya kisigino chenye magaga huonyesha kila ufa. Nilikuwa naloweka, nasugua, nakausha, napaka, nafunga vitambaa, nakwenda zangu. Kesho narudi tena. Siku ya harusi wageni walikuwa wanasifu hina, na mimi nilikuwa uani nakunywa chai.

Sitawaficha kwamba kazi hii ilinitia haya tangu mwanzo. Mutsamudu ni mji wa watu wenye nasaba zao, na kushika mguu wa mtu ilikuwa kazi waliyopewa watumwa zamani. Waliokumbuka hilo hawakukosa nafasi ya kunikumbusha. Baba yangu, Mungu amrehemu, akiulizwa binti yake anafanya nini huko Moroni alikoolewa alijibu kwamba nauza nguo. Nikienda kwake likizo nilikuwa nambebea vitambaa viwili vitatu vya kuonyesha watu, ili uongo wake usimame. Tulikuwa hatulizungumzi jambo hilo.

Aliyenifundisha ni mama mkubwa, dada yake mama, jina lake Sittina. Alikuwa anakaa njia ya Ouani, karibu na mitungi ya shaba wanayochemshia maua ya langilangi, na alijuana na wachemshaji wote. Mafuta yanayotoka mwanzo mtunguni, yale matamu, yalikuwa yanakwenda Ufaransa kwenye manukato ya matajiri. Yanayotoka mwisho, mazito kidogo, yenye harufu ya maua na ya kuni pamoja, ndiyo yaliyobaki kwetu. Mama mkubwa aliyachanganya na mafuta ya karafuu na ya mchaichai, kisha akayazamisha yote kwenye mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. Nazi nyingi, mafuta ya kunukia matone machache. Hapo ndipo mnapoharibu. Mnaona chupa ni ndogo, mnaona nazi ni kitu cha jikoni, mnataka mteja asikie harufu mpaka barabarani.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Mama mkubwa aliponiachia mguu wa kwanza peke yangu, ulikuwa wa mwalimu wa chuo cha Kurani wa mtaani, mzee mpole, Fundi tulivyomwita. Nilitaka kumpendeza. Nikampaka kisiginoni mafuta ya karafuu matupu, bila nazi. Baada ya muda akaanza kusoma kwa sauti. Nikafurahi, nikadhani ametulia. Nikaongeza. Akapandisha sauti. Mama mkubwa akatokea mbio jikoni, akanusa, akapiga kelele, "Mtoto wewe, umemchoma Fundi!"

"Hapana, Bweni," Fundi akasema, maana kwetu mama wa heshima huitwa hivyo, machozi yanamtiririka ndevuni. "Ni joto tu. Joto zuri."

Nikakimbilia maji, na hilo likawa kosa la pili. Maji hayaondoi mafuta ya kunukia, yanayatandaza tu. Mama mkubwa akanipokonya kata, akachukua nazi, akampaka Fundi nazi tele, akafuta kwa kitambaa kikavu, akapaka tena, akafuta tena, ndipo akaja na sabuni. Yashikeni haya, kwa sababu siku moja mtachoma mtu. Mafuta huondolewa kwa mafuta.

Nilipoletwa Moroni na mume wangu nilidhani najua kila kitu. Nyumba ya kwanza kunipokea ilikuwa ya Bi Mariama, kwenye vichochoro vya mji wa kale, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye watoto wawili, Saidi na mdogo wake Anziza. Alitaka miguu yake itengenezwe kwa ajili ya harusi ya ndugu yake. Sasa mimi natoka Mutsamudu, mtoni. Kwetu maji unamwaga na kuteka, unamwaga na kuteka. Nikaloweka miguu, nikamwaga. Nikaosha, nikamwaga. Nikaenda kuteka tena kwenye birika la uani. Bi Mariama akanitazama, akaniuliza taratibu, "Kwani kwenu, Bweni, mto unapita sebuleni?"

Lile birika lilikuwa la maji ya mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha. Ngazidja, kisiwa cha Moroni, haina mito. Nilikuwa nimewamwagia watu maji yao ya kunywa kwa ajili ya visigino. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Moroni ni mwamba mtupu wa volkano. Tangu siku hiyo nikajifunza kutumia beseni moja. Unafuta vumbi kwanza kwa kitambaa kilicholowa, unaloweka baadaye, na maji yake unayapeleka kwenye mimea. Mwamba huohuo nao ulinifaa. Okoteni jiwe jeusi lenye matundu madogo, jepesi mkononi, mlichemshe, mlitumie. Vile vikwangulio vya chuma mnavyonunua soko la Volo Volo vinakata ngozi nzima, kisha kisigino kinaota sugu zaidi.

Bi Mariama hakunifukuza. Alinipeleka kwa dada zake, dada zake wakanipeleka kwa wakwe zao, na nikapata riziki yangu. Anziza, mtoto wake, alikuwa akinisikia mlangoni anakuja mbio kunusa mikono yangu. "Mama Nuru ananukia harusi," alikuwa akisema. Nuru ni binti yangu wa kwanza. Na kweli, watu wa Moroni waliijua harufu ile. Ikipita kichochoroni wanawake walikuwa wanaulizana ni nyumba gani inaozesha binti.

Jambo moja la kazi nisije nikalisahau. Mwenye ugonjwa wa sukari msimkwangue, wala msimloweke maji ya moto. Nilimsugua mama mmoja mpaka damu na hakusema neno, nikamsifu kwa ustahimilivu wake. Muuguzi wa hospitali ndiye aliyenieleza kwamba yule mama hakuwa mstahimilivu, miguu yake ilikuwa haisikii. Nilimshukuru muuguzi yule na mpaka leo namwombea dua.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Mnajua walikuja mamluki. Walishuka kutoka baharini mwaka wa sabini na nane, wazungu wenye bunduki, wakamwondoa rais aliyekuwepo, wakabaki. Nyinyi mnasimuliwa kama hadithi. Sisi tuliishi nao miaka. Wengine walisilimu, wakapewa majina, wakaoa mabinti zetu, wakawa wanakaa msikitini siku ya Ijumaa na magoti yao makubwa. Walikuwa na kambi yao na magari yao ya jipu, na mtu aliyesema asiyopaswa kusema alikuwa anachukuliwa. Na bado ukikutana nao njiani ulikuwa unasalimiwa.

Asubuhi moja jipu likasimama mlangoni kwangu. Askari wetu mmoja akashuka, kijana wa hapa hapa, akasema Kapteni, mmoja wa wale wazungu, ananiita nyumbani kwa mkewe. Mume wangu alisimama na kikombe chake cha chai, hakunywa, hakukiweka chini. Mnaniuliza kwa nini sikukataa? Mmoja wenu aliniuliza hivyo, tena amekaa kwenye kiti changu. Sikukataa kwa sababu hakuna aliyekuwa anakataa. Silileti hapa kama kosa la kutubia, nilikwisha kulipima sana nikaona sikuwa na pa kupita. Lakini mtu anaweza asiwe na kosa na haya ikamtafuna vilevile. Hili sikufundishwa na mtu.

Kapteni alikuwa amekaa kibarazani, suruali imekunjwa. Nikanusa buti zake. Zilikuwa zimesimama ukutani, na kabla sijazifikia nilikwisha jua. Miguu yake ilikuwa myeupe kama muhogo uliolala majini, imechubuka baina ya vidole, inatoa maji, kucha zimegeuka rangi. Fangasi. Alikuwa amepewa dawa ya tyubu na dawa ilikuwa nzuri, ila alikuwa anaipaka halafu anarudisha buti.

Niliifanya kazi yangu. Nataka mjue niliifanya vizuri. Nilimwosha, nikamkausha nafasi baina ya kila kidole kwa ncha ya kitambaa. Usiweke nazi nyingi hapo, panatakiwa pakauke. Nazi kidogo tu, ya kubebea mchaichai na karafuu, na langilangi nikatia kwa mazoea. Nikamwambia aendelee na tyubu yake, na soksi zake zichemshwe. Kisha nikamwambia, "Na viatu, Kapteni. Ukiingia nyumba yoyote, vua. Miguu ipumue."

Akacheka. Alikuwa anakijua Kingazidja kidogo. "Kama Wangazidja?" akaniuliza.

"Kama watu," nikamwambia.

Mkewe akashika mdomo. Kapteni akacheka zaidi, akaapa kwamba atafanya hivyo. Jibu langu lile nililipenda. Nililisimulia mtaani, nililisimulia sokoni, nilimpelekea salamu mama mkubwa Mutsamudu ajue nimemwambia nini mzungu wa bunduki.

Miguu ikaanza kukauka. Kapteni akawaambia wenzake, na jipu likawa linakuja kuchukua chupa. Mafuta ya mama mkubwa yakaingia kambini. Haukupita muda mrefu, likipita jipu unasikia langilangi. Mwanzo watu walifanya mzaha, vijana wanapigiana kelele, "Pisheni, bi harusi anapita!" Halafu mzaha ukaisha. Nikaona wanawake wakiniona wanabana mapua kidogo, si kwa dharau, kwa woga. Mama mmoja aliyekwisha nipa siku ya kuanza miguu ya binti yake akaniletea ujumbe kwamba binti atatumia mafuta ya nazi tu. Sikuuliza kwa nini. Nilijisemea kwamba watu wana wivu.

Ndipo walipomchukua Saidi. Alikuwa kijana wa kusoma, anajadiliana na wenzake, na walikutwa na makaratasi yaliyoandikwa dhidi ya wakubwa. Walimchukua nyumbani baada ya sala ya Alasiri. Bi Mariama hakuwepo, alikuwa Ikoni kwenye msiba. Aliporudi alimkuta Anziza ameketi peke yake, na Anziza hakumweleza mama yake zaidi ya kwamba wamekuja na wamemchukua. Nilikwenda kumpa pole. Bi Mariama alinipokea. Anziza, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alitoka uani nilipoingia. Niwaambie mapema ili msikae roho juu: Saidi alitoka mwishowe, akiwa hai. Alikuwa anachechemea, na hakuwahi kuniruhusu niitazame miguu yake. Lakini wakati ninaousimulia hatukujua kama atatoka.

Na harusi ya Anziza ilikuwa imekwisha pangwa. Harusi kubwa ya Ngazidja haiahirishwi kama sinema. Wajomba wameweka akiba miaka na miaka, ng'ombe wamenunuliwa, jamaa wako njiani kutoka Marseille. Wajomba walisema iendelee, na Bi Mariama akakubali, kwa sababu binti akivunja harusi kubwa mji haumsahau. Akaniita mimi. "Wewe ulianza na nyumba hii," akaniambia. "Nani mwingine atashika miguu ya mwanangu?"

Nilifurahi mpaka nikampelekea mama mkubwa salamu ya haraka, naye akaniletea chupa mpya kwa mtu aliyekuja na ndege ya Ouani. Siku za mwanzo nililoweka tu na kusugua kwa jiwe. Anziza alikuwa ananipa mguu bila kuzungumza, nami nikadhani ni huzuni ya kaka yake, na haya ya bi harusi. Mafuta niliyaweka kwa siku yenyewe, asubuhi, kabla bwana harusi hajaingizwa nyumbani. Hapa kwetu mume ndiye anayeingia kwenye nyumba ya mke, na bi harusi anamngojea ndani, amekaa, miguu yake imenyooshwa mbele ya watu wote.

Bi Mariama alikuwa amesimama mlangoni, uso umepakwa msindano, liwa yetu ya manjano. Nikafungua chupa. Nikamimina kiganjani, nikasugua viganja vipate joto, nikamshika Anziza mguu wa kulia. Akauvuta kwa nguvu hata beseni likapinduka, na maji yakaenea mkekani.

"Ondoa," akasema. "Mama Nuru, niondolee hiyo."

"Nini mwanangu? Imekuchoma?"

"Ilikuwa hii siku ile."

Bi Mariama akaingia. "Siku ipi?"

Anziza aliongea akiutazama mguu wake, hakumtazama mama yake wala mimi. "Siku ya Saidi. Aliyekuja kumchukua alipiga hodi, Mama. Alisema salamu aleikum. Nilichungulia nikamwona anavua buti zake mlangoni, anazipanga vizuri pamoja na viatu vyetu. Nani anakuja kumchukua mtu akavua viatu? Nilidhani ni mgeni. Nilisogea pembeni apite. Akaingia na miguu mitupu, na chumba chote kikanukia harusi. Na mimi nikafurahi, Mama Nuru. Nilidhani wewe uko nyuma yake."

Uani wanawake walikuwa wanaimba na kupiga makofi, wanajaribu wimbo wa kumpokea bwana harusi. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta na sikujua niiweke wapi. Nilitamani kuificha chini ya nguo yangu. Wajukuu zangu, nimeona haya nyingi katika kazi hii, ya baba yangu na vitambaa vyake, ya birika, ya Fundi na machozi yake, na zote hizo siku hizi nazisimulia watu wakacheka. Hii sijawahi kuisimulia. Kapteni alikuwa amenitii. Kati ya wote niliowahi kuwaelekeza namna ya kutunza miguu, hakuna aliyenitii vizuri kama yeye.

Bi Mariama ndiye aliyeanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo iliyonivunja. "Watu wa mume wako njiani. Bi harusi asiye na harufu, watasema nini?"

"Waseme," Anziza akajibu. "Nikinuka hivi, Mama, nitatoka mlangoni mbele yao wote. Naapa."

"Mafuta ya nazi," nikasema. "Nipeni nazi tupu, kutoka jikoni."

Nikaletewa. Nikapiga magoti penye maji na kuanza kuyaondoa. Nazi tele, kitambaa kikavu, nazi tena, kitambaa. Nilianzia unyayoni, nikapanda kisiginoni, nikaingia baina ya vidole. Bi Mariama alikaa kitandani nyuma ya binti yake, akamshika mabega. Msindano wake ulikuwa umepasuka mashavuni kwa machozi na hakuupangusa. Nilifuta mpaka nikainamisha pua na kunusa mguu ule, na nikasikia nazi tu, nazi ya jikoni, ya wali. Nikaleta sabuni. Nikamkausha. Visigino vyake vilikuwa laini, hina imekaa vizuri, hakuna ufa.

Makofi yakasogea karibu. Bi Mariama akainuka kwenda kuosha uso. Mimi nikakusanya vitambaa vyangu, nikaifunga chupa na kuisukuma ndani ya kikapu. Nilikuwa nimefika mlangoni Anziza aliponiita, polepole, kwa sauti yake ya utotoni.

"Mama Nuru. Miguu ya Kapteni ilipona?"

Nilitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na yeye angeliamini.

"Ilipona, mwanangu," nikasema. "Ilipona kabisa."